Kompyuta mpya, waya umechomekwa, intaneti hakuna

Mtu akinipigia kusema kompyuta yake mpya haipati intaneti kwa waya, huwa namuuliza kwanza: taa zinawaka? Wengi hushangaa. Mwenzangu ameshapekua mipangilio yote, pengine amekaribia kufuta Windows na kuanza upya, lakini hajainama nyuma ya mashine kutazama tundu la waya.

Kompyuta nyingi za mezani zina vitaa viwili vidogo kwenye tundu hilo. Kikiwaka hata kimoja, kwa kawaida kompyuta na ruta (kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani) zimeshikana. Vikiwa vimezima vyote viwili, mipangilio iache kwanza. Sukuma plagi mpaka ilie "tak". Ule ulimi wa plastiki unaoishikilia ukikatika, plagi hujitoa kidogo kidogo na kwa macho utadhani imeingia sawasawa. Kisha hamia tundu jingine kwenye ruta, kisha badilisha waya.

Hapo kwenye ruta pana mtego. Tundu moja limejitenga, mara nyingi lina rangi yake, limeandikwa WAN. Hilo ni la kupokea intaneti kutoka nje, si la kompyuta yako. Mimi mwenyewe, na ufundi wangu wote, niliwahi kupoteza jioni nzima kwa sababu ya tundu hilo.

Usiuamini waya kwa kuwa ulifanya kazi kwenye mashine ya zamani. Ndani yake mna nyuzi 8. Mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde hutumia 4 tu. Ule wa gigabiti 1 hutaka zote. Uzi mmoja kati ya zile 4 nyingine ukikatika, mashine ya zamani ya megabiti 100 isingejua kitu, ila hii mpya huenda ikashuka mwendo, au ikawa inashika na kuachia.

Taa zinawaka lakini Windows inadai hakuna mtandao? Kwa kompyuta mpya, hasa uliyoiunganisha mwenyewe, mshukiwa wangu wa kwanza ni draiva, programu ndogo inayoiwezesha Windows kutumia kifaa. Fungua Device Manager, orodha ya vifaa iliyo ndani ya Windows. Ukiona alama ya manjano ya mshangao kwenye kifaa cha mtandao, au kifaa chenyewe hakipo kabisa, umempata. (Kama hakipo, chungulia pia BIOS, mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, labda kimezimwa huko.) Kichekesho ni kwamba draiva ya intaneti inapatikana kwenye intaneti. Chomeka simu kwa waya wa USB uwashe kugawa intaneti, au ishushe kwenye kompyuta nyingine uilete kwa flashi. Ichukue kwa mtengenezaji wa bodi kuu ya mashine yako. Zile programu zinazojinadi kutafuta draiva zote kwa mpigo, mimi siziruhusu kwenye mashine yangu.

Draiva ikikaa, fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika ipconfig, amri inayoonyesha anwani ya mtandao ya kompyuta yako. Sehemu hii naipenda, maana namba inasema yenyewe. Anwani ikianza na 169.254, kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yake. Waya uko hai kiasi, lakini ruta haikusikia au haigawi anwani. Izime, uiwashe tena, ujaribu upya. Kama umechomeka moja kwa moja kwenye modemu, kile kifaa kinachopokea intaneti kutoka kwa kampuni, baadhi yake hukumbuka mashine ya kwanza tu: ichomoe umeme dakika chache iisahau ile ya zamani.

Ikianza na 192.168 au 10, umepewa anwani. Andika ping 8.8.8.8, yaani ujaribu kuifikia seva ya Google iliyoko nje. Majibu yakirudi na tovuti bado hazifunguki, njia iko wazi. Kinachokosekana ni DNS, yule anayegeuza majina ya tovuti kuwa namba. Weka hiyo hiyo 8.8.8.8 kwenye nafasi ya DNS, kisha fungua ukurasa wowote.