Bwawa Huweka Akiba Mbili: Maji na Nafasi

Ukisafiri kwa basi kutoka Dodoma kwenda Iringa, barabara inakupitisha juu ya ukuta wa Bwawa la Mtera. Basi likipunguza mwendo, kina mama na vijana hukimbilia madirishani na samaki wa kukaanga, na macho ya abiria wengi huishia hapo hapo kwenye samaki. Safari ijayo, ukishamaliza kulipa, tazama upande wa pili. Kwenye mawe ya ukingoni kuna mstari ulioachwa na maji yalipokuwa juu, na chini yake kuna maji ya leo. Umbali kati ya mstari ule na maji ndio unaotuamsha asubuhi sisi wahaidrolojia, wataalamu wa maji, wa Bonde la Rufiji.

Mtera ina namba mbili za kukumbuka. Likijaa kabisa, uso wa maji huwa mita 698.50 kutoka usawa wa bahari. Ukishuka hadi mita 690.00, mitambo inatakiwa kuzimwa. Maisha yote ya bwawa hili yamo ndani ya mita 8 na nusu, urefu wa nyumba ya ghorofa mbili hivi. Lakini ndani ya mita hizo kuna takriban mita za ujazo bilioni 3.2 za maji, kwa sababu Mtera halikuchimbika kama mtungi. Limetandazwa kama sinia. Likijaa hufunika zaidi ya kilomita za mraba 600 za nchi iliyo tambarare, chini ya jua la Dodoma, na jua hilo hunyanyua karibu mita 2 za maji kwa mwaka. Linganisha mita 2 hizo na mita 8 na nusu tulizo nazo, utaona kwamba kuweka maji Mtera si kama kuweka fedha benki. Kila siku yanapokaa, kuna makato.

Kwa nini basi tunayaweka? Kwa sababu Ruaha Mkuu, mto uliozibwa pale Mtera, ni mto wa msimu mmoja. Mvua zake huanza kwenye Desemba na kumalizika Aprili au Mei, na baada ya hapo ni ukame mpaka mwisho wa mwaka. Watu wa Dar es Salaam huniuliza mara nyingi: mvua imepiga wiki nzima, Jangwani kumefurika, mbona bado mnasema mabwawa hayajajaa? Mvua ya Jangwani huingia baharini. Mtera hujazwa na maji yanayotoka nyanda za Usangu mkoani Mbeya, na ya Ruaha Mdogo unaopita Iringa, na ya Mto Kisigo. Kama huko hakujanyesha, mafuriko ya Dar es Salaam hayatusaidii hata tone.

Kilichokuja kwanza kwenye mto huu ni kituo cha Kidatu, kilichoanza kuzalisha umeme mwaka 1975. Bwawa la Kidatu ni dogo, mita za ujazo milioni 125 tu, na mitambo yake minne yenye jumla ya megawati 204 huweza kulimaliza ndani ya wiki mbili hivi ikifanya kazi kwa nguvu zote bila maji mapya kuingia. Ndiyo maana Mtera likajengwa upande wa juu wa mto na kukamilika mwaka 1980, liwe ghala la Kidatu. Mitambo ya Mtera yenyewe, megawati 80, ilianza kazi mwaka 1988. Maji yakitoka Mtera yameshazalisha umeme mara moja, na yakifika Kidatu huzalisha tena.

Nifanye hesabu ndogo hapa, kwa sababu bila hesabu hii maneno mengine yote hayashiki. Chukua tanki la lita 1,000, lile linalowekwa juu ya kinara nyumbani. Maji hayo yakiporomoka takriban mita 100 pale Mtera, hutoa kama robo ya uniti ya umeme. Yakiporomoka takriban mita 175 pale Kidatu, hutoa uniti 0.4 na kidogo. Jumla ni kama theluthi mbili ya uniti moja. Tanki zima! Ukinunua uniti 10 kwenye luku yako, umeagiza matangi kama 15 yafunguliwe Mtera na kushuka hadi Kidatu. Sasa jiulize inakuwaje tanki hilo likifika Kidatu na kukuta bwawa limejaa. Litamwagika kupitia milangoni na kwenda zake bila kugusa mtambo.

Hapo ndipo usimamizi wa mto unapoanza kuwa kazi ya kichwa. Kati ya Mtera na Kidatu kuna mito mingine inayoingia, mikubwa ikiwa Lukosi na Yovi, inayoshuka kutoka milimani. Wakati wa mvua mito hiyo inaweza kulisha Kidatu kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo busara, ingawa inaonekana kinyume, ni kupunguza au kufunga Mtera wakati wa mvua, wakati maji yamejaa kila mahali, na kumwachia Lukosi na Yovi kazi ya Kidatu. Mtera tuifungulie kiangazi, mito hiyo ikinywea. Anayefungua Mtera mwezi wa Machi huku Kidatu inamwaga, anachukua chakula cha Oktoba na kukitupa mtoni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mtera lilishuka vibaya na nchi ikaingia kwenye mgao wa umeme. Lawama zilitupwa kwa mvua na kwa wakulima wa mpunga wa Usangu. Baadaye watafiti walirudia hesabu za mabwawa haya mawili na kuona kwamba maelezo hayo hayatoshi: namna maji yalivyofunguliwa na kumwagika ilichangia kwa kiasi kikubwa. Naliona hili kuwa somo kubwa kuliko yote tuliyopewa na mto huu. Ukame upo, sikatai, na mwaka 2006 tuliuona tena kwa macho. Lakini ukame huja kwa mto unaosimamiwa, na jinsi ulivyousimamia miaka miwili nyuma ndiyo huamua utakuumiza kiasi gani.

Kuhusu Usangu niseme jambo moja, maana watu wengi, hata viongozi, huchanganya mambo mawili. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Viboko hubanana kwenye vidimbwi vya tope, na samaki hufa. Hilo linatokana zaidi na maji kuchepushwa mashambani upande wa juu wa kinamasi cha Ihefu wakati mto wenyewe una maji kidogo, na ni jambo la kusikitisha linalohitaji kurekebishwa kwa ajili ya mto wenyewe na wanyama wake. Lakini Mtera halijazwi na maji ya Septemba. Hujazwa na mafuriko ya Februari na Machi. Ukimnyang'anya mkulima wa Mbarali, huko Usangu, maji yake ya kiangazi ukidhani umeokoa umeme wa taifa, utakuwa umemuumiza mkulima na umeme usiuone. Mto urudishiwe maji yake kwa sababu ni haki yake kisheria. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeweka mahitaji ya msingi ya binadamu kwanza, mazingira yakafuata, ndipo umeme na kilimo.

Mfano wa kusahau mazingira tunao jirani tu, Kihansi. Kituo kile cha megawati 180 kilipoanza mwaka 2000, karibu maji yote ya maporomoko yaliingizwa kwenye handaki. Manyunyu yaliyokuwa yakilowesha korongo yakakatika. Chura mdogo anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, asiyepatikana kwingine duniani, akatoweka pale. Wachache waliokuwa wamewahiwa kupelekwa Marekani ndio waliorudisha kizazi. Mpaka leo korongo lile linanyunyiziwa maji kwa mabomba. Ni gharama ya kila siku kwa jambo ambalo lingepangwa tangu mwanzo.

Mpaka hapa nimesema juu ya akiba ya maji. Akiba ya pili, ambayo haionekani, ni nafasi tupu.

Kilombero huungana na Luwegu, na mto unaitwa Rufiji, kisha Ruaha Mkuu huingia. Ruaha Mkuu una karibu nusu ya eneo lote la bonde, ila huleta kama asilimia 15 tu ya maji. Kilombero huleta zaidi ya nusu. Maji hayo yote sasa hukutana na Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 22, 2022, lenye uwezo wa zaidi ya mita za ujazo bilioni 30 na mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja. Mtera ni kama sehemu ya kumi yake.

Mwendesha mitambo hupenda bwawa lijae, kwa kuwa maji yakiwa juu, kila lita huporomoka kwa nguvu zaidi. Mtu wa Mloka na Utete, aliye chini ya ukuta, ana haja nyingine: bwawa libaki na nafasi ya kupokea mafuriko. Tuchukue mfano wa darasani. Mafuriko yanaingia mita za ujazo 5,000 kwa sekunde, nawe unaachia 2,000. Unabakiza 3,000 kila sekunde, sawa na milioni 259 kwa siku. Kwenye ziwa la kilomita za mraba 1,000, maji yatapanda sentimita 26 kwa siku. Ukiwa umeacha mita 2 tupu, una kama siku nane za kuwalinda watu walio chini. Ukiwa umeshajaza mpaka juu, huna hata siku moja. Yanayoingia lazima yatoke, la sivyo unahatarisha ukuta wenyewe, na ukuta ukiondoka hakuna wa kusimulia.

Aprili 2024, mvua kubwa zilipofuatana, mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti yalifurika, na watu waliuliza kama bwawa ndilo lililowafurisha. Ni swali la haki na linastahili jibu la hesabu, siyo la hasira. Bwawa haliongezi maji. Rufiji ilifurika mwaka 1998 na mwaka 2020 kabla ukuta haujaziba mto. Lakini bwawa hubadilisha saa ya maji kufika na kasi ya kupanda kwake, na hapo ndipo msimamizi anapowajibika. Milango ifunguliwe mapema na kidogo kidogo, kwa kufuata utabiri na vipimo vya Kilombero, kuliko kusubiri mpaka uso wa maji ugonge kikomo. Kila sentimita inayoachwa tupu Februari ni umeme tuliousamehe. Naamini ni bei halali. Na taarifa zimfikie mwenye shamba bondeni kabla ya maji, kwa redio, kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa spika za msikitini.

Kwa anayeishi chini ya bwawa lolote, ajue hili: mto ulio chini ya ukuta unaweza kupanda siku ya jua kali bila wingu hata moja. Mitambo ikiongezwa au mlango ukifunguliwa, jiwe ulilokaa ukifua linaweza kuzama kabla hujamaliza ndoo. Ukisikia king'ora, acha nguo, acha nyavu, panda juu. Watoto wasizoee kuvuka kwa miguu eti kwa sababu jana palikuwa pakavu.

Lakini Warufiji hawakuwahi kuyaona mafuriko kuwa balaa tupu. Maji yakirudi nyuma huacha tope lenye rutuba, na kwenye unyevu huo hupandwa mazao ya mlau, yaani mahindi na kunde zinazokomaa bila mvua. Mafuriko ndiyo pia yanayofungua njia kati ya mto na maziwa yake ya pembeni, samaki wakaingia kuzaana. Na huko mwisho, kwenye delta, maji baridi ndiyo yanayozuia chumvi ya bahari isipande mashambani na kwenye visima, na kuilisha mikoko inayolea kamba. Bwawa likisawazisha mto mwaka mzima kama bomba, mlau hautapata tope lake. Likiachia yote kwa ghafla, mlau utasombwa.

Mzee mmoja wa huko aliniuliza jambo ambalo sijalisahau. Hakuuliza megawati wala mita kutoka usawa wa bahari. Aliuliza: "Mwanangu, zamani tuliangalia mwezi na miti tukajua maji yatashuka lini. Sasa mwezi unao wewe. Utaniambia lini nipande?" Nilimweleza ratiba ya kufungua maji ilivyokuwa kwa msimu ule, akaisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba aandikiwe kwenye karatasi, tarehe na vipimo, akabandike kwenye nguzo ya duka ambapo kila anayeshuka shambani lazima apite. Niliandika kwa kalamu ya risasi, kwa kuwa Kilombero ilikuwa bado inapanda, nikamwachia na namba ya simu ya ofisi ili tarehe ikibadilika aifute na kuandika nyingine.