Mama, uke si bawaba ya mlango

Ijumaa iliyopita, adhana ya adhuhuri bado, mama mmoja alinitilia mezani chupa ya mafuta ya nazi aliyoyakamua mwenyewe. Kizibo kimefungwa kwa kipande cha leso yasimwagike mkobani. "Mwanangu, mwaka wa pili huu najipaka, na bado naungua kama niliyetiwa pilipili. Au nibadilishe, nitie ya habasoda?"

Alikuwa wa tatu wiki hiyo. Wa kwanza alikuja na ya simsim, wa pili na jeli aliyopewa na shoga yake, haina hata jina la kiwanda. Wote watatu wameambiwa neno moja: hedhi ikikoma mwanamke huishiwa mafuta, basi atiwe mengine. Mimi ni mkunga hapa Mombasa, nimezalisha mabinti na nikazalisha mabinti zao, na neno hili limenichosha.

Kinachopungua ni estrojeni, homoni ya kike, na ikipungua hiyo, ngozi yenyewe hubadilika. Ngozi ya ndani ya uke ikiwa na estrojeni yake ni tabaka juu ya tabaka, kama chapati iliyokunjwa ikasukumwa vizuri, ukiivuta inakufuata. Estrojeni ikiondoka, inabaki manda ya sambusa. Nilipomchungulia yule mama, kwa spekulamu, kile kifaa cha kufungulia uke, ndogo kuliko zote nilizonazo, niliona ngozi imepauka, inang'aa, mikunjo yote imelala, na pale pamba ilipopita vikatokeza vidoadoa vya damu. Mafuta gani yatajenga tabaka hapo? Unapaka rangi ukuta uliomegeka.

Mengine nitayapitia mbio. Damu inayopita chini ya ngozi hupungua, na ute mwingi wa uke huchujwa kutoka kwenye damu hiyo, kwa hiyo nao hupungua. Sukari wanayokula bakteria walinzi hukosekana, walinzi wanapungua, asidi inapotea: pH, kipimo ambacho kikipanda asidi imepungua, inatoka kwenye 4 na kitu inapita 5, na wadudu wa njia ya haja kubwa wanapata pa kukaa. Mrija wa mkojo nao unaitegemea estrojeni hiyo hiyo. Ndiyo maana mama wa miaka 58 anatibiwa UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, mara nne kwa mwaka, antibiotiki juu ya antibiotiki, na mara nyingine mkojo ukipimwa hauna kitu. Mwaka 2014 wataalamu walibadilisha hata jina la hali hii ili uke na mkojo vihesabiwe pamoja. Na jambo moja wengi hawaambiwi: lile joto la ghafla la usiku kwa kawaida hupoa miaka ikipita, lakini ukavu haupoi wenyewe. Huzidi.

Sasa tuje kwenye hayo "mafuta", maana hapa ndipo damu yangu huchemka. Watu wana vitu vitatu na wanavipa jina moja.

Kilainishi ni cha saa ile ya unyumba. Kinapunguza msuguano, basi, asubuhi kimekwisha kazi. Cha maji hukauka upesi, ukiongeza matone ya maji kinateleza tena. Cha silikoni hudumu zaidi. Chenye marashi, chenye ladha ya stroberi, kile kinachojisifu kuwa kinapasha moto, mrudishie aliyekuuzia.

Jeli ya unyevu ni kitu kingine. Hiyo inashika kwenye ngozi na kukaa na maji yake, na inawekwa mara mbili au tatu kwa wiki, mume akiwa nyumbani au akiwa baharini, mjane naye aweke. Mjane pia anaungua akikaa kwenye matatu kutoka Mtwapa. Ukavu hausubiri mwanamume.

Cha tatu ni estrojeni ya kuweka ukeni, krimu au kidonge kidogo, na hii ndiyo inayorudisha tabaka. Vidonge vya mikrogramu 10 huwekwa kila usiku kwa wiki mbili, halafu mara mbili kwa wiki. Mtu ananiambia "nilitumia dawa haikunifaa", nikiuliza ni ipi, ni kilainishi, alikipaka siku mbili. Hapo natamani kuinamisha kichwa mezani.

Mafuta ya nazi sina ugomvi nayo kama kilainishi. Yanateleza, wengi hayawawashi. Lakini yanaharibu kondomu za mpira. Wamama hunicheka nikifika hapa: kondomu ya nini na mimi sizai tena? Mama, mimba ilikuwa shida moja kati ya kadhaa. Ngozi iliyochanika ni mlango wa virusi, na kama mzee ana nyumba ya pili unajua wewe. Mate, hapana. Sabuni na dawa za kuulia wadudu wa sakafuni, hapana. Shabu ya kubana, hapana mara tatu: unakausha kilichokauka. Udi jifukizie nguo na nywele.

Wanaokubali estrojeni wanafika nyumbani, wanasoma karatasi ya ndani ya boksi, wanaona saratani na damu kuganda, wanaifungia dawa kabatini. Siwalaumu. Onyo hilo lilitokana na utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002, wa wanawake waliokuwa wakimeza estrojeni na homoni nyingine, projestini, kila siku. Kumeza. Piga hesabu: mikrogramu 10 mara mbili kwa wiki, mwaka mzima inafika miligramu 1 na kidogo, yaani kama kidonge kimoja cha kumeza cha estradioli, ambayo ndiyo estrojeni yenyewe. Kimoja, kwa mwaka. Ila aliyewahi kuwa na saratani ya matiti simpi kwa mkono wangu. Huyo aanze na jeli, na neno la estrojeni alimalize na daktari wake wa saratani, hasa akiwa bado anameza vidonge vya kuzuia estrojeni.

Na nikiri la kwangu. Mwaka 2018 ulitoka utafiti wa Marekani wa wanawake 302: wengine walipewa kidonge cha estradioli, wengine jeli ya unyevu, wengine dawa bandia na jeli bandia. Baada ya wiki 12 makundi yote yalipata nafuu, na tofauti ilikuwa ndogo mno. Ulinikosesha raha. Labda jeli bandia nayo ilikuwa inalowesha, labda kule kusikilizwa tu ni nusu ya dawa. Bado naandika estrojeni kwa mwenye vidoadoa kama vya yule mama na kwa mwenye UTI zisizokwisha, kwa sababu naona ngozi ikibadilika. Lakini mwenye ukavu mwepesi siku hizi namwanzishia jeli, na siapi tena kama nilivyokuwa nikiapa.

Leza ya "kurudisha usichana" mnayonitumia picha zake: Marekani mamlaka ya dawa ilitoa onyo kuhusu mashine hizo mwaka huo huo wa 2018. Weka pesa zako.

Ukitokwa na damu baada ya mwaka mzima bila hedhi, hata tone, usijitibu kwa ukavu. Njoo upimwe.

Ramadhani ikikaribia naulizwa kama dawa ya ukeni inafunguza. Masheikh wana kauli zao. Mimi husema tu kwamba dawa yenyewe ni ya kulalia, basi iweke baada ya tarawehe.

Yule mama alisikiliza yote, akaniuliza itachukua muda gani. Nikamwambia wiki kadhaa aanze kuhisi, miezi mitatu ndipo tuchungulie tena. Akaishika chupa yake, akaigeuza geuza.

"Miezi mitatu. Na mzee ameshasema simtaki, nina mtu. Nimwambie nini?"

"Unamtaka?"

"Namtaka sana, mwanangu. Naogopa kuchanika."

Nikamwambia Ijumaa ijayo aje naye, nimwonyeshe manda na chapati.