Hati ina jina la mume, lakini mali si yake peke yake
Mwanamke aliyeishi kwenye ndoa miaka thelathini, akiachika, huambiwa: "Hukuwa na kazi, hati ina jina la mumeo, chukua nguo zako uondoke." Kwa Tanzania, hiyo si sheria. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaitaka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja katika mali waliyochuma pamoja, uwe wa fedha, mali au kazi. Na kazi ni pamoja na ya nyumbani: mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kuwa kutunza nyumba na familia ni mchango. Inauma kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata mgao, kwani ilionekana alitapanya fedha alizopewa na mumewe za kuanzisha mradi. Lakini msingi huo umewafaa wengi waliomfuata.

Wengine huamini kinyume: ni nusu kwa nusu tu. Sivyo. Mahakama huelemea usawa, ila hupima kwanza ushahidi wa mchango, madeni ya familia na mahitaji ya watoto wadogo. Kenya nako, Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2023 kwamba nusu haiji yenyewe.