Rimeki ni nini? Kisima cha Sadako na pepo wa Nagavalli

Mtoto wa kaka yangu alinikuta barazani jioni moja, uso umemkunjika. "Ami, filamu hii nimeshaiona, lakini watu wake sio wale." Alikuwa ametoka kuangalia The Ring, na siku chache nyuma rafiki yake wa skuli alimwonesha Ringu kwenye simu. Alidhani mmoja kamuibia mwenziwe. Nikamwambia hakuna aliyeiba: The Ring ni rimeki ya Ringu.

Rimeki ni filamu inayochukua filamu iliyokwisha kutengenezwa, pamoja na hadithi yake na mara nyingi hata mpangilio wa matukio yake, ikapigwa upya na watu wengine. Kwa Kiswahili tunaweza kusema filamu iliyotengenezwa upya. Neno "marudio" silipendi hapa, kwa sababu marudio ni kipindi cha jana kurushwa tena leo vilevile kilivyo. Rimeki si muendelezo pia, maana kwenye muendelezo hadithi inasonga mbele. Na zile filamu za Kihindi zenye msimulizi anayetafsiri kwa Kiswahili nazo si rimeki, kwani picha ni zile zile, sauti tu ndiyo ngeni.

Panapochanganya ni pale filamu zote mbili zinapokuwa na kitabu nyuma yake. Ringu, ya Mjapani Hideo Nakata, ilitoka 1998, na ilitokana na riwaya ya Koji Suzuki ya 1991. Je, The Ring ya Marekani, aliyoiongoza Gore Verbinski 2002, imetoka kwenye filamu au imetoka kwenye riwaya? Mtazame mhusika mkuu. Ndani ya riwaya, mwandishi wa habari anayeuchunguza mkanda wa video unaoua watu ni mwanamme. Nakata ndiye aliyemfanya mwanamke, mama aliyeachana na mumewe na anayelea mtoto wa kiume. Wamarekani nao wakaja na mama huyo huyo na mtoto wake. Basi wamerithi mabadiliko ya Nakata, na hapo ndipo rimeki inapojulikana. John Carpenter alipotengeneza The Thing mwaka 1982 alifanya kinyume: aliipita filamu ya 1951 iliyotokana na hadithi iliyoandikwa 1938, akarudi kwenye hadithi yenyewe, ambamo kiumbe hujigeuza mfano wa mtu yeyote.

Katika Ringu na The Ring kisa ni kimoja. Ukiuangalia mkanda, simu inalia, na baada ya siku 7 unakufa. Lakini nilimwomba kijana azingatie khofu yenyewe inatoka wapi. Mzuka wa Ringu ni Sadako, msichana aliyetupwa kisimani. Mama yake anatoka kisiwa cha Oshima, na ndani ya mkanda kuna sauti inayosema kwa lahaja ya kisiwa hicho kwamba ukizidi kucheza na maji, mzuka utakujia. Wachunguzi wanakijua kisiwa kwa lahaja hiyo. Mimi niliposikia maneno yale nilisisimka mwili mzima, kwa sababu bibi yangu wa Wete, Pemba, alituambia karibu hayo hayo kila tulipochelewa ufukweni mpaka wakati wa magharibi. Rimeki imebakisha kisiwa na kisima, ila onyo lile la maji halimo. Badala yake kuna shamba la farasi waliopata wazimu, na farasi mmoja anayeruka kutoka ndani ya feri. Tukio la feri limepigwa vizuri sana. Lakini linanitisha macho tu, na lile onyo linaingia ndani zaidi.

Kitu chengine ni uso. Nakata anamfunika Sadako kwa nywele mpaka mwisho, tunaona jicho moja tu. Verbinski anatuonesha uso wa Samara, ambaye ndiye Sadako wa The Ring. Kwangu mimi hapo rimeki imepoteza. Mwaka 1995, khofu ya Popobawa, pepo anayesemwa kuwavamia watu usiku, ilipoanzia Pemba ikavuka hadi Unguja, watu walitoka kulala nje kwa makundi, na hakuna aliyehitaji kuoneshwa picha yake.

Baada ya hayo mtu anaweza kudhani rimeki nzuri ni ile isiyogusa kitu. Gus Van Sant alilijaribu hilo 1998, akaipiga upya Psycho ya Hitchcock ya 1960 karibu picha kwa picha, tofauti kubwa ikiwa rangi. Wahakiki wengi hawakuipenda. Mshtuko wa ile ya kwanza ulikuwa kwamba mwanamke tuliyemfuata tangu mwanzo anauawa hata nusu ya filamu haijafika. Miaka 38 baadaye, watazamaji wengi walikuwa wanamsubiri afe.

Mfano ninaoupenda kuliko yote umetoka India. Mwaka 1993 Fazil aliongoza Manichitrathazhu kwa Kimalayalam, lugha ya Kerala. Bi harusi anahamia jumba la kale, anafungua chumba kilichokuwa kimefungwa, na anaanza kuwa Nagavalli, mcheza ngoma aliyeuawa zamani. Akipandwa, anazungumza Kitamil. Hapo ndipo watazamaji wa Kerala walipoogopa: mke wa watu, mpole, kinywani mwake imetoka lugha ya mwengine. Sasa ilipotengenezwa upya kwa Kitamil mwaka 2005, kwa jina la Chandramukhi, Kitamil kingekuwa lugha ya nyumbani tu, kisingemtisha mtu. Kwa hiyo pepo akapewa Kitelugu. Na Bhool Bhulaiyaa ya Kihindi, 2007, ikampa Kibengali na jina la Manjulika. Kila walipobadilisha lugha, khofu ilibaki ile ile ya Kerala. Ndiyo maana nikilinganisha rimeki na asili yake sihesabu vilivyobadilika. Nauliza kilichobadilishwa kimelinda nini.

Kijana alifikiri kidogo. "Na sisi tukiitengeneza hapa Unguja, ami, angesema lugha gani?"

Nilimjibu bila kusita: Kibuki, lugha ya Bukini, yaani Madagaska. Jumba tunalo Mji Mkongwe, na chumba cha ghorofa ya juu chenye mlango usiofunguliwa hakikosekani. Na masheitani wa kibuki waliotoka upande wa Bukini wanajulikana hapa tangu zamani, wakipanda kichwani wanazungumza lugha yao na wanadai brandi. Hebu mfikirie bi harusi aliyelelewa kwa buibui na msahafu, usiku wa manane, mbele ya wakwe zake, anaomba brandi kwa Kibuki.