Je, wajua kwa nini "speed" halikuwa neno la kasi?

Waingereza wana methali isemayo "More haste, less speed". Ukiichukua kwa Kiingereza cha leo, inajipinga: haraka ikizidi, kasi inapungua. Inawezekanaje?

Methali hiyo ilizaliwa "speed" ikiwa bado na maana nyingine. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa neno la mafanikio, la mtu kunyookewa na mambo yake. Msafiri aliagwa kwa "God speed", yaani Mungu akufanikishe, wala hakuna aliyemhimiza akimbie. Kumbe basi Waingereza walikuwa wakisema kile kile tunachosema sisi: haraka haraka haina baraka. Baraka ndiyo hiyo "speed" yao.

Na si neno hilo peke yake. "Quick" lilimaanisha hai. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inasema Kristo atawahukumu "the quick and the dead", walio hai na waliokufa. Zebaki nayo ikaitwa "quicksilver", fedha iliyo hai, kwa vile haitulii mahali. Kilicho hai hujongea, na kutoka kwenye kujongea maana ikasogea hadi kwenye wepesi. "Fast" lilitoka mbali zaidi, maana lilikuwa neno la kitu kilichokazwa kisitikisike. Ndiyo maana hadi leo "hold fast" ni kushika sana, na aliye "fast asleep" amezama katika usingizi mzito. Kukimbia "fast" kulianza kama kukimbia kwa nguvu zote bila kulegea. Kasi ikaja baadaye.

Ninalolipenda kuliko yote ni "posthaste". Katika karne ya 16, enzi za wafalme wa ukoo wa Tudor, barua za serikali zilipelekwa na matarishi waliopokezana farasi kutoka kituo hadi kituo. Mwandishi mwenye shida ya haraka aliandika juu ya barua: "Haste, post, haste", harakisha, tarishi, harakisha. Wengine waliongeza "for thy life", kwa usalama wa roho yako, na zipo barua zilizochorwa juu yake mti wa kunyongea watu. Hata tarishi asiyejua kusoma alielewa. Maneno hayo yakaungana, yakawa neno la kawaida la kufanya jambo upesi sana.

Sasa tazama upande wa pili. Yako maneno yaliyoanza na haraka kamili yakapoa. "Soon" lilimaanisha papo hapo; leo ni baadaye kidogo. "Anon" lilipita njia hiyo hiyo, na "presently" pia. Sababu haiko mbali: binadamu akiitwa hujibu "sasa hivi", kisha anakawia. Jibu hilo likirudiwa kizazi hadi kizazi, wasikilizaji wanazoea kukawia kwake, na lugha inalazimika kutafuta neno jipya lenye makali, kama "immediately".

"Presently" bado linatatanisha. Kwa Mwingereza wa leo, atakayekuja "presently" anakuja baada ya muda mfupi. Kwa Mmarekani, anayefanya kazi mahali fulani "presently" yuko kazini hapo wakati huu huu.