Kauli ya kutendwa katika Kiingereza, na mahali -wa yetu inapotuponza

Ukipita mitaa ya Dar es Salaam hukosi kuona ukuta umeandikwa kwa rangi: NYUMBA HII HAIUZWI. Maneno matatu, na kila mpita njia anaelewa kwamba mwenye nyumba anajihami na matapeli. Sasa yapeleke maneno hayo kwenye Kiingereza. Anayeanza ataandika "This house not sold". Aliyesonga mbele kidogo ataandika "This house is not sold", sarufi yake haina doa, ila maana imeteleza: mtu anaweza kudhani nyumba haijapata mteja. Mwingereza mwenyewe angeandika "This house is not for sale", na kauli ya kutendwa asiiguse kabisa.

Nimeanza na ukuta huo kwa sababu wengi wetu tulifundishwa jambo hili kama mchezo wa kupindua sentensi: cha nyuma kije mbele, cha mbele kiende nyuma, weka "by", umepata alama. Kupindua ni sehemu rahisi. Kazi iko kwingine.

Karani anaandika barua. Karani ni mtenda, barua ndiyo inayotendwa, na sentensi iko katika kauli ya kutenda. Tukisema "Barua inaandikwa na karani", tumeingia kauli ya kutendwa, ambayo kwa Kiingereza huitwa passive voice. Tukio ni lile lile, ila barua sasa ndiyo imekaa kiti cha mbele.

Sisi kazi hii tunaimaliza mkiani mwa kitenzi: pika, pikwa, nunua, nunuliwa, la, liwa. Kiingereza hakina mkia wa namna hiyo. Kinaazima kitenzi kisaidizi, be pamoja na sura zake za is, are, was na were, kisha kinaleta umbo la tatu la kitenzi kikuu, lile la safu ya mwisho katika jedwali tulilokariri: write, wrote, written. "The clerk writes the letter" inakuwa "The letter is written by the clerk". Anayechukua safu ya pili akaandika "was wrote" amekosea safu tu, na hilo linatibika kwa kukariri.

Kosa lenye mizizi ni la yule anayetafuta neno moja kwa sababu lugha yake inatumia neno moja. "The food cooked by mother." Sikio la Kiswahili linaisikia imekamilika: chakula kilipikwa na mama. Mwingereza anasikia kitu kingine, yaani "chakula kilichopikwa na mama", kisha anakutazama, anasubiri umwambie hicho chakula kimefanya nini. Kimeungua? Kimeliwa na paka? Bila "was", sentensi bado haijafika kwenye kitenzi chake.

Wakati wa tendo nao unakaa kwenye be, wala haukai kwenye kitenzi kikuu. Vitabu vingi huweka jedwali la safu nane au kumi na kukuachia ulikariri usiku kucha. Kuna njia ya mkato. Tazama kitenzi kikuu kimevaa nini katika sentensi ya kwanza, kivue vazi hilo, uivishe be. Kisha kitenzi kikuu kivishwe umbo la tatu na kisivuliwe tena.

Chukua "The clerk is writing the letter". Kitenzi kimevaa -ing. Ivishe be hiyo -ing, inakuwa being. "Is" inabaki palepale: "The letter is being written". Chukua "The clerk has written the letter". Kitenzi kiko umbo la tatu, basi be nayo iende umbo la tatu, been: "The letter has been written". Katika "The clerk will write the letter" kitenzi kiko kitupu, na be inabaki kitupu: "The letter will be written". Wakati uliopita, wrote, unaigeuza be kuwa was: "The letter was written". Must, can na should hufuata nyayo za will. Jedwali lote limo humo.

Ukilinganisha na kwetu utaona si ajabu sana. Iliandikwa, inaandikwa, imeandikwa, itaandikwa: mwanzo unabadilika, mwisho umetulia. Be yao ndiyo li, na, me na ta zetu; umbo la tatu ndilo -wa yetu. Sisi tumevibana vyote katika neno moja, wao wameviacha vitembee kimoja kimoja.

Kama "is being written" inakupa taabu, jua kwamba hata Waingereza walichelewa kuizoea. Hadi karne ya 18 kuelekea mwisho, kusema "the house is building" kwa maana ya nyumba inajengwa kulikuwa Kiingereza cha kawaida. "Is being built" ilipoanza kuenea, wapo wanazuoni wa karne ya 19 waliosema inachukiza. Leo ile ya zamani ndiyo inayoshangaza.

Mengine ni madogo. Be inafuata kiima kipya, yaani kile kilichohamia mbele, kwa hiyo "The farmer sells mangoes" inatoa "Mangoes are sold", si "is". I inayohamia nyuma ya "by" inageuka me, na he inakuwa him. Katika swali, did inaondoka kabisa: "Did the police arrest him?" inakuwa "Was he arrested?" Na "na" yetu ya mtenda ni by, wakati "kwa" ya kifaa ni with. Amekatwa kwa panga na jirani: panga lina with, jirani ana by.

Kuhusu hiyo by, mtihani umetuharibu. Kwa sababu maswali ya kugeuza sentensi hutaka mtenda aonekane, tumezoea kumburuta hata pasipo na haja. "Someone stole my phone" inageuka "My phone was stolen", basi. Anayeongeza "by someone" ni kama anayesema simu yangu imeibwa na mwizi wa simu. Katika maandishi ya kila siku sentensi nyingi za kutendwa hazina by hata kidogo, kwa kuwa mtu huchagua kauli hii hasa pale mtenda hajulikani, anajulikana mno, au hana uzito.

Kisha kuna mahali ambapo -wa yetu inafika na Kiingereza hakifiki. Kiingereza kinadai kitenzi kiwe na cha kutendwa: unaandika kitu, unaiba kitu. Die, arrive, happen na sleep havina, hivyo "The accident was happened" haisimami. Lakini Mswahili anasema "amefiwa na baba yake" bila wasiwasi, na -fa ni kitenzi kisicho na cha kutendwa kuliko vyote. Niliwahi kusoma barua ya kuombea ruhusa ya mazishi iliyoandikwa "I was died by my father". Mwandishi alitafsiri kwa uaminifu, na msiba wake haukustahili kuchekwa. Kiingereza kinataka "My father has died" au "I have lost my father". Vivyo hivyo "amekimbiwa na mkewe": anayeandika "He was run by his wife" amesema jambo jingine kabisa, kwamba mwanamume yule anaendeshwa na mkewe. Yote mawili hutokea, lakini si habari moja.

Siri iko katika silabi iliyojificha kabla ya -wa. Lala, lalia, laliwa. Nyesha, nyeshea, nyeshewa. Hiyo -i- au -e- ndiyo kauli ya kutendea, na ndiyo inayokipatia kitenzi mtu au kitu cha kutendwa. Kiingereza kina kitu kama hicho, ila kimekiweka nje kama neno dogo: "This bed has been slept in" ni kitanda hiki kimelaliwa, "We were rained on" ni tulinyeshewa. In na on hizo ukizisahau, sentensi inaanguka. Kwa die hata ujanja huo haufanyi kazi.

Kwingine lugha hizi mbili zinakubaliana na bado tunakosea. Nilizaliwa Tanga: ina -wa, ni kutendwa. "I was born in Tanga": ina was, ni kutendwa. Hata hivyo "I born in Tanga" imejaa kwenye barua za kuomba kazi.

Msomaji wa magazeti naye ajihadhari. Vichwa vya habari hula be ili kubana nafasi. "Two arrested in Mombasa" si wawili waliokamata mtu. Ni wawili waliokamatwa.

Kauli hii ina sifa mbaya kwa wanasiasa. Januari 1987, Rais Ronald Reagan, akilihutubia Bunge la Marekani kuhusu sakata la silaha zilizouzwa Iran, alisema "serious mistakes were made", makosa makubwa yalifanywa. Yalifanywa na nani, sentensi haikusema. Sisi tuna "fedha zimeliwa", inayosikika kwenye vikao vya vikundi vya kuweka na kukopa, na mlaji yumo humo humo kikaoni.

Lakini hata hapo kauli ya kutendwa inaacha mlango. Ukisema kikombe kimevunjwa, "The cup was broken", mtu anaweza kuuliza mara moja, na nani? Mwenye ujanja zaidi husema kimevunjika, na Kiingereza chake si "was broken" bali "The cup broke", bila be na bila nafasi ya by. Mtoto wa miaka minne, hajakanyaga shule, vipande viko miguuni pake, anakwambia: "Mama, kikombe kimevunjika."