Samaki Wanaopatana Katika Tangi Dogo: Maana Yake

Kwa wafugaji wa samaki wa mapambo, samaki wanaopatana ni wale wanaoweza kuishi tangi moja mpaka uzee wao, kila mmoja akila, akikua na kuonyesha rangi zake. Wengi wetu tunapokwenda dukani tunauliza jambo moja tu: je, watapigana? Kuuliza hivyo ni lazima, ila hakutoshi. Katika tangi la maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, lenye ujazo wa lita 60 hivi, samaki wengi hawafi kwa kuumwa na wenzao. Hufa kimyakimya kwa sababu maji yanayomfaa jirani yao hayawafai wao, au hawana pa kujificha, au chakula huisha kabla hakijawafikia.

Ndiyo maana mimi huwaambia watu waanze na maji, si na samaki. Chukua neoni, yule mwenye mstari wa buluu unaong'aa ubavuni na wekundu kuelekea mkiani. Asili yake ni vijito vya bonde la Amazon, ambako maji ni laini, yaani yenye madini machache, na yana asidi kidogo. Gapi naye, mwenye mkia kama kanga iliyotandazwa, asili yake ni Trinidad, Venezuela na nchi za jirani, na hustawi kwenye maji magumu, yaani yenye madini mengi, na pH (kipimo cha asidi, ambapo chini ya 7 ni asidi) kati ya 7 na 8. Hawa wawili hawatagusana hata siku moja, na bado mmoja wao atakuwa anaishi kwa shida. Waliozalishwa kwenye matangi huvumilia zaidi kuliko waliovuliwa mtoni, lakini uvumilivu huo una mpaka wake.

Kwa hiyo jua kwanza bomba lako linatoa nini. Maji mengi ya bomba ya Nairobi hutoka kwenye mabwawa ya upande wa milima ya Aberdare, kama Ndakaini na Sasumua, nayo ni laini. Kisima kilichochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe Unguja au Mombasa hutoa maji magumu, na pengine yana chumvi. Huhitaji maabara kupata picha ya awali: kama sabuni haitoi povu upesi na sufuria ya chai inajenga ukoko mweupe ndani, maji yako ni magumu. Ukiwa nayo, gapi na plati, jamaa yake, watakushukuru. Ukiwa na maji laini, neoni ni chaguo zuri. Kubadilisha maji kwa kemikali ili yamfuate samaki ni kazi isiyoisha, na anayeanza asijitwishe.

Joto nalo lina neno. Goldifishi hupenda maji ya nyuzi 18 hadi 22, wakati beta, samaki mpiganaji wa Thailand, anataka 25 kwenda juu. Chumba cha Dar es Salaam kinamtosha beta bila hita. Nairobi mwezi wa Julai, bila hita, atazubaa chini na kukataa chakula. Na goldifishi hafai tangi la lita 60 hata kidogo: hukua kupita sentimita 20 na uchafu wake ni mwingi sana.

Hapo tunafika kwenye ukubwa, ambako maduka huwaponza watu kila siku. Samaki karibu wote wanaouzwa ni wachanga. Pleko anayeuzwa kama "msafisha vioo" akiwa na urefu wa kidole, aina zake za kawaida hupita sentimita 30. Enjelifishi hununuliwa akiwa kama sarafu, kisha hukua mpaka mwili wake kufika sentimita 15, na asubuhi moja unahesabu neoni unakuta wamepungua. Hakuna ugomvi hapo. Samaki hula kinachoingia mdomoni mwake. Kuna kanuni ya sentimita moja ya samaki kwa kila lita. Inasaidia kwa samaki wembamba wa sentimita 3 au 4, lakini wakiwa wakubwa inadanganya, kwa kuwa samaki akirefuka mara mbili uzito wake huongezeka karibu mara nane, na uchafu huongezeka pia.

Tabia ndiyo inayohitaji jicho zaidi. Beta dume humwandama dume mwenzake, na gapi mwenye mkia mrefu wa rangi kali humfanya aone kama kaja mpinzani. Puntigrus tetrazona, yule wa dhahabu mwenye mistari minne myeusi, hung'ata mapezi marefu ya wengine, hasa akiwa mmoja au wawili. Wakiwa wanane na zaidi hushughulikana wao kwa wao, ila tangi dogo haliwatoshi. Neoni na koridora, kambare wadogo wa mapambo, ni samaki wa kundi: sita ni kiwango cha chini. Neoni mmoja peke yake utamwona nyuma ya filta, mapezi ameyabana mwilini, ule mstari wa buluu umefifia, na chakula kikitua juu hatoki. Hakuna aliyemgusa. Hofu imemla.

Tazama pia kila samaki anakaa wapi. Gapi hupenda juu, neoni katikati, koridora hutafuta chakula chini kwa sharubu zake, kwa hiyo mpe mchanga laini, si kokoto zenye ncha. Kwa maji laini ningeweka neoni wanane na koridora wadogo sita, basi. Kwa maji magumu, gapi madume sita au saba. Ukichanganya na majike, kila jike huzaa vifaranga hai takriban kila mwezi, na huhifadhi mbegu za dume kwa miezi, hivyo hata ukimtoa dume uzazi unaendelea.

Wengi huku kwetu huvutiwa na mbuna wa Ziwa Nyasa kwa rangi zao, na wana haki. Lakini hao ni wagombea mipaka wakali, wanataka tangi kubwa la mawe na pH ya karibu 8, na si wa kuchanganywa na neoni. Mwenye tangi dogo anayetaka samaki wa maziwa yetu amtafute Neolamprologus multifasciatus wa Ziwa Tanganyika. Ana sentimita 4 au 5 tu, na huishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Akae na wa aina yake peke yao, kwenye maji magumu.

Tangi lenyewe lipewe wiki nne hadi sita filta ikifanya kazi, likiongezewa chakula kidogo au amonia, ili bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki, kuwa nitriti, nayo ni sumu, kisha nitrati isiyo kali wazaliane. Halafu ingiza kundi moja, subiri wiki mbili, ingiza la pili. Mwenye wivu wa eneo, kama beta, aingie mwisho, akute wenzake wameshazoea. Jioni za mwanzo kaa mbele ya kioo wakati wa kulisha, uone nani hafiki kwenye chakula. Kabla ya kulipa, muulize muuza duka kama atampokea samaki aliyeshindwa kukaa na wenzake.